Kijiji Kidogo, Muhuri Mkubwa: Cetingrad na Nembo ya Kroatia

Chama chetu cha Kiswahili kimenipa nafasi katika jarida la mwaka huu, nami nimeamua kuwapeleka mbali kidogo, hadi Ulaya, katika kijiji ambacho huenda wengi wenu hamjawahi kukisikia. Kijiji hicho chaitwa Cetingrad. Hutamkwa Tsetingrad, kwa maana herufi C katika lugha yao husomwa kama "ts".

Najua kuna mtu tayari anauliza, "Cetingrad yatuhusu nini sisi?" Swali zuri. Hebu nikujibu kwa swali jingine. Nani kati yetu hajaiona ile jezi yenye miraba myekundu na myeupe? Iko mitumbani, iko kwa makanga wa matatu, iko hata uwanjani wakati wa michezo ya jioni. Ukiitazama utadhani mtu amechukua ubao wa drafti akaushona shati. Hiyo ni jezi ya timu ya taifa ya Kroatia. Ndiyo timu iliyoshika nafasi ya tatu katika Kombe la Dunia mwaka wa 1998, mwaka ambao Davor Šuker alifunga mabao 6 na kuwa mfungaji bora. Ndiyo iliyofika fainali mwaka wa 2018 ikafungwa na Ufaransa 4 kwa 2, na ikawa ya tatu tena mwaka wa 2022. Wengi wetu twaijua jezi, lakini hatujui miraba ile imetoka wapi. Mimi nilipoanza kuifuatilia, njia ilinipeleka moja kwa moja hadi Cetingrad.

NEMBO NI KITU GANI?

Tuanze na mambo tunayoyajua. Kila mmoja wetu amevaa nembo kifuani, katika sweta ya shule. Nembo ya taifa letu la Kenya nayo yajulikana: ngao katikati, simba wawili walioshika mikuki, jogoo aliyebeba shoka, Mlima Kenya chini yao, na neno Harambee. Nembo ni jina lililochorwa. Asiyejua kusoma huiona akajua huyu ni wa nani.

Huko Ulaya, desturi ya nembo za ngao ilianza katika karne ya 12. Askari wa farasi walikuwa wakivaa kofia za chuma zilizofunika uso wote. Sasa vitani, katika vumbi na kelele, utamtambuaje rafiki na adui? Wakaanza kuchora alama kwenye ngao zao. Baadaye alama hizo zikawa za ukoo mzima, baba akimwachia mwana, kisha zikawa za miji, za makanisa na za falme.

Kuna kanuni mbili ambazo nataka mzikumbuke, kwa sababu zitatufaa mbele. Ya kwanza ni ya rangi. Rangi za ngao zimegawanywa mafungu mawili. Kuna "madini", yaani dhahabu ambayo huchorwa kwa manjano, na fedha ambayo huchorwa kwa nyeupe. Halafu kuna rangi zenyewe: nyekundu, buluu, nyeusi, kijani na zambarau. Kanuni yasema usiweke madini juu ya madini wala rangi juu ya rangi. Sababu yake si uchawi, ni kuonekana tu. Manjano juu ya nyeupe haionekani kwa mbali, lakini nyekundu kando ya nyeupe huonekana hata na mtu aliye juu ya kilima.

Kanuni ya pili ni ya kulia na kushoto. Kulia kwa ngao ni kulia kwa mtu aliyeishika, wala si kulia kwako wewe unayeitazama. Kwa hiyo kona ya juu inayoheshimiwa zaidi, ile inayohesabiwa kwanza, ni ile ambayo wewe mtazamaji waiona upande wako wa kushoto. Mnaweza kudhani hilo ni jambo dogo. Ngojeni, mtaona kwamba lilitia watu hofu.

KIJIJI CHENYEWE

Cetingrad kiko sehemu ya kati ya Kroatia, kusini ya mji wa Karlovac, karibu kabisa na mpaka wa Bosnia na Herzegovina. Ng'ambo ya mpaka kuna mji wa Velika Kladuša. Eneo zima la utawala wa Cetingrad, pamoja na vijiji vidogo vinavyokizunguka, halifikishi watu 3,000. Jina lenyewe limeungwa kwa maneno mawili: Cetin, na grad, ambalo kwa Kikroati ni ngome au mji. Basi ni kama kusema Ngome ya Cetin.

Na kweli ngome ilikuwako. Katika karne ya 15 ilikuwa mali ya Wafrankopan, mojawapo ya koo tajiri na zenye nguvu zaidi nchini humo, walioanzia katika kisiwa cha Krk. Nembo yao yapendeza kuieleza: simba wawili waliosimama wakimega mkate. Ni mchezo wa maneno tu, kwa maana kwa Kilatini "kuvunja mkate" kunakaribiana kwa sauti na jina lao la Frankopan. Chini ya ngome hiyo palikuwa na nyumba ya watawa Wafransisko. Wekeni nyumba hiyo akilini, kwa sababu ndani yake ndimo mambo yalimofanyika.

MWAKA WA MKOSI

Toka mwaka wa 1102 Kroatia ilikuwa na mfalme mmoja na Hungaria. Nchi mbili, mfalme mmoja, lakini Wakroati walibaki na bunge lao, liitwalo Sabor, na sheria zao.

Katika karne ya 15 na ya 16 dola ya Waturuki, yaani dola ya Uthmaniya, ilikuwa ikisonga mbele katika nchi za Balkani. Bosnia ilianguka mwaka wa 1463. Tarehe 9 Septemba 1493 jeshi la Kroatia lilishindwa vibaya katika uwanda wa Krbava, na mabwana wengi wa nchi wakafa siku moja. Watu wa vijijini wakaanza kuhama. Ardhi ya Kroatia ikapungua mwaka baada ya mwaka, hata ikaitwa "masalio ya masalio" ya ufalme uliokuwa mkubwa.

Kisha likaja pigo lenyewe. Tarehe 29 Agosti 1526, mahali paitwapo Mohács huko Hungaria, jeshi la Sultani Suleiman lilikutana na jeshi la Mfalme Louis wa Pili. Vita vilikwisha katika saa chache. Mfalme Louis alikufa akikimbia. Alikuwa kijana wa miaka 20 tu, na hakuwa na mtoto halali wa kurithi kiti.

Hapo sasa! Nchi haina mfalme, adui yuko mlangoni, na majira ya baridi yanaingia. Kulikuwa na watu wawili waliotaka kiti hicho. Mmoja alikuwa Ferdinand wa ukoo wa Habsburg, mtawala wa Austria. Huyu alikuwa amemwoa Anna, dada yake marehemu Louis, na Louis naye alikuwa amemwoa Maria, dada yake Ferdinand. Wa pili alikuwa János Zápolya, bwana mkubwa wa Hungaria. Wakroati walipaswa kuchagua, na chaguo lao halikuwa la mapenzi. Lilikuwa la nani atakayeleta askari.

SIKU YA MWAKA MPYA

Mwishoni mwa Desemba 1526 mabwana wa Kroatia walikusanyika Cetin. Walikuwemo watu kama Ivan Karlović, Nikola Zrinski na Andrija, askofu wa Knin. Ferdinand naye alikuwa ametuma wajumbe wake, mmojawapo akiwa Nikola Jurišić, kapteni aliyekuwa mwenyeji wa pande hizo. Walizungumza, wakabishana, na tarehe 1 Januari 1527, katika ile nyumba ya watawa chini ya ngome, wakamchagua Ferdinand awe mfalme wa Kroatia.

Lakini hawakumpa bure. Walitaka ahadi. Miongoni mwa ahadi hizo, Ferdinand alitakiwa agharimie askari 1,000 wa farasi wa kuilinda Kroatia, na azihifadhi ngome za mpakani, na aheshimu haki na desturi za nchi. Mimi naona hapo ndipo ulipo uzito wa siku ile. Kroatia ilikuwa ndogo na imechoka, lakini haikusema "tutawale upendavyo". Ilisema "tunakuchagua, na haya ndiyo masharti".

Tena tusidhani kwamba wote walikubaliana. Siku tano tu baadaye, tarehe 6 Januari 1527, mabwana wa Slavonia, jirani zao wa kaskazini, walikutana mahali paitwapo Dubrava wakamchagua yule mwingine, Zápolya. Basi mfalme akawa si mmoja, na watu wa damu moja wakapigana wao kwa wao huku Mturuki akiwatazama. Wahenga hawakukosea waliposema kwamba vita vya panzi ni furaha ya kunguru.

Hata hivyo, uamuzi wa Cetin ndio uliodumu. Ukoo wa Habsburg uliitawala Kroatia hadi tarehe 29 Oktoba 1918, siku ambayo Sabor ilivunja uhusiano huo. Piga hesabu: ni miaka 391. Uamuzi wa siku moja, katika nyumba ya watawa, kijijini!

MUHURI

Sasa tufike kwenye miraba yetu. Uchaguzi wa Cetin uliandikwa katika hati ya Kilatini, nayo hati hiyo bado ipo, imehifadhiwa Vienna, mji mkuu wa Austria. Mabwana walipiga mihuri yao. Zamani muhuri ulikuwa ndiyo sahihi. Ni kama sisi hapa shuleni: barua ya ruhusa isiyo na muhuri wa ofisi ya mwalimu mkuu, hata iandikwe kwa mwandiko wa kupendeza namna gani, askari wa lango atakurudisha darasani.

Miongoni mwa mihuri ya mabwana hao, kila mmoja na alama ya ukoo wake, kuna muhuri mmoja usiokuwa wa mtu. Ni wa Ufalme wa Kroatia wenyewe. Na alama iliyomo ni ngao ya miraba, ile ile ya kwenye jezi.

Si kwamba miraba ilizaliwa siku hiyo. Mchoro wake wa mwaka wa 1495 upo Innsbruck, huko Austria. Lakini kuchorwa ukutani ni jambo moja, na kutiwa kwenye hati ya kumchagua mfalme ni jambo jingine kabisa. Huko Cetin miraba ilisimama mahali pa nchi nzima na kusema, "Hapa aliyekubali ni Kroatia." Ndiposa nasema kwamba kijiji hiki, ingawa hakionekani katika ramani nyingi, ni mahali pakubwa katika historia ya nembo.

HADITHI YA SATARANJI

Kwa Kikroati nembo hiyo huitwa šahovnica, maana yake ubao wa sataranji. Wanachama wa klabu ya chesi, sikilizeni hapa. Neno lao šah, la mchezo huo, lilitoka kwa Kiajemi, ambako shah ni mfalme. Kiswahili nacho kilipokea neno lilo hilo, kwa sababu katika sataranji mfalme huitwa shaha. Basi Mkroati na Mswahili, ambao hawajui lugha ya mwenzao, wana neno moja mfukoni.

Kuna hadithi inayopendwa sana. Husemwa ati mfalme mmoja wa kale wa Kroatia, Stjepan Držislav, alitekwa na mtawala wa Venice. Mtawala huyo akamwambia, "Tucheze sataranji. Ukinishinda, nitakuacha huru." Držislav akacheza mara tatu, akashinda zote tatu, akarudi kwao, na kwa shukrani akautia ubao katika ngao yake.

Ni hadithi tamu, lakini tuipime. Držislav alitawala hadi mwaka wa 997, katika karne ya 10. Nimekwisha kuwaambia kwamba desturi ya nembo za ngao ilianza karne ya 12. Ina maana mfalme huyo aliishi kabla desturi yenyewe kuanza. Tena kutoka kifo chake hadi mchoro wa Innsbruck ni karibu miaka 500. Kwa hiyo hiyo ni hekaya, kama zetu za akina Lwanda Magere. Hekaya si uongo wa kudharauliwa, kwa maana hutuambia watu wanapenda kujikumbuka vipi. Wakroati wanapenda kujikumbuka kama watu waliopata uhuru kwa akili. Lakini anayefanya mtihani wa historia asiiandike kama tukio.

TAJI LA NGAO TANO

Nembo ya Kroatia ya sasa iliwekwa na sheria ya tarehe 21 Desemba 1990. Aliyeichora ni msanii Miroslav Šutej, ambaye pia anahusishwa na ile jezi ya miraba. Ina miraba 25, mitano kwa mitano. Ukihesabu utapata myekundu 13 na myeupe 12. Juu yake kuna taji, lakini taji lenyewe si la dhahabu na vito. Limeundwa kwa ngao ndogo tano, kila moja ikiwa ya sehemu moja ya nchi. Ukianzia kushoto kwako, ziko hivi.

Ya kwanza ni ya kale, nyota ya dhahabu juu ya mwezi mwandamo wa fedha. Kuna watu huuliza kama hiyo ni alama ya Kiislamu. La, ni alama ya zamani ya nchi hiyo hiyo, wala haina uhusiano na dini.

Ya pili ni ya Dubrovnik, mji wa pwani uliokuwa jamhuri ya wafanyabiashara kwa karne nyingi: mistari miwili myekundu juu ya buluu. Na mtu makini atasema, "Nyekundu juu ya buluu? Si ni rangi juu ya rangi?" Hongera kwa kukumbuka. Kanuni zipo, na wanaozivunja wapo pia.

Ya tatu ni ya Dalmatia, vichwa vitatu vya chui vya rangi ya dhahabu. Ya nne ni ya Istria, mbuzi wa dhahabu mwenye pembe na kwato nyekundu. Nimefurahi kumwona mbuzi huyo. Sisi tulidhani mbuzi ni wa kuchungwa na kuliwa tu, kumbe yuko juu ya taji la taifa, kama jogoo wetu.

Ya tano ni ya Slavonia, nayo ilitolewa na Mfalme Vladislav mwaka wa 1496. Ina mistari miwili ya fedha ambayo ni mito, na katikati yake anakimbia mnyama mdogo mwenye manyoya mazuri, aitwaye kuna. Zamani za kale watu wa huko walilipa kodi kwa ngozi za mnyama huyo. Ndiyo sababu Kroatia ilipounda pesa zake mwaka wa 1994, ilizipa jina la kuna. Pesa hizo zilitumika hadi mwisho wa mwaka wa 2022. Tarehe 1 Januari 2023 Kroatia ilianza kutumia yuro, lakini mnyama yule hakufukuzwa. Yuko katika sarafu ya yuro 1 inayotengenezwa na Kroatia, na nyuma yake kuna miraba.

NYEKUNDU AU NYEUPE KWANZA?

Sasa tumefika mahali pagumu, nami naomba msome polepole. Kumbukeni ile kona ya kwanza ya ngao, ya juu kushoto kwako. Katika nembo ya leo mraba huo ni mwekundu. Je, ukiwa mweupe kuna tofauti gani? Kwa mgeni hakuna. Kwa watu wa huko ipo, tena kubwa.

Kati ya mwaka wa 1941 na 1945, wakati wa Vita Vikuu vya Pili, Kroatia ilitawaliwa na chama cha Ustaše, kilichoshirikiana na Wajerumani wa Hitler na Waitalia wa Mussolini. Serikali hiyo iliua Waserbia, Wayahudi na Waroma kwa wingi. Katika kambi ya Jasenovac peke yake, majina zaidi ya 83,000 ya waliouawa yameorodheshwa. Serikali hiyo ilitumia miraba kama nembo, na mraba wa kwanza ulikuwa mweupe.

Baada ya vita ilikuja Yugoslavia ya kijamaa chini ya Tito. Haikuitupa miraba. Iliiweka ndani ya nembo ya jamhuri ya Kroatia, ikaizungushia masuke ya ngano na kuiwekea nyota nyekundu juu, mraba wa kwanza ukiwa mwekundu. Kwa hiyo miraba si ya chama chochote. Ilikuwako karne nne na zaidi kabla ya Ustaše, na waliopigana na Ustaše nao waliitumia.

Lakini moyo wa mtu hausomi kitabu cha historia kwanza. Mwaka wa 1990 nyota nyekundu ilipoondolewa, kwa miezi kadhaa miraba ilionekana kwa namna zote mbili, mingine ikianza na nyekundu na mingine na nyeupe. Mkroati aliyeiona bendera hiyo alilia kwa furaha. Mserbia, jirani yake, ambaye labda babu yake aliuawa mwaka wa 1941, alipoiona ile inayoanza na nyeupe aliingiwa na baridi. Kitambaa kimoja, mtaa mmoja, nyoyo mbili. Wanasiasa waliotaka kuwagombanisha watu waliitumia hofu hiyo ipasavyo kwa shughuli yao. Sheria ya Desemba 1990 ilikata shauri kwamba wa kwanza ni mwekundu, lakini moto ulikuwa umekwisha kuwaka.

Kroatia ilitangaza uhuru tarehe 25 Juni 1991, na vita vikaja. Cetingrad hakikupona. Mwaka huo huo kilitekwa na majeshi ya Waserbia walioasi, na wakazi wake Wakroati wakafurushwa makwao. Kilirudi mikononi mwa Kroatia Agosti 1995, na safari hii zaidi ya Waserbia laki moja ndio waliokimbia kutoka sehemu hizo za nchi, wengi wao wasirudi tena. Fahali wawili wakipigana nyasi huumia, na nyasi za huko zilikuwa watu wa vijijini wa pande zote mbili.

NGOME IKO WAPI SASA?

Ferdinand alipata taji, lakini askari wake hawakutosha. Waturuki waliendelea kuja, na Cetin ilishambuliwa, ikatekwa, ikarudishwa, mara nyingi. Karlovac, ule mji niliowatajia, ulijengwa mwaka wa 1579 kama ngome ya kuwazuia. Cetin yenyewe ilikombolewa mwaka wa 1790, na mapatano ya mwaka wa 1791 yakaiacha upande wa Austria.

Halafu likatokea jambo la ajabu. Ngome iliyostahimili mizinga haikustahimili amani. Katika karne ya 19 iliachwa, kwa kuwa haikuhitajika tena, na watu wakaanza kuchukua mawe yake wakajengee nyumba zao. Leo ni magofu. Siwalaumu watu hao. Mtu mwenye watoto na asiye na ukuta ataona jiwe, hataona historia. Hata hapa kwetu nani asiyejua mahali pa kale palipogeuzwa shamba au machimbo?

Ila nawaza hivi. Wengi wetu hudhani historia hufanyika katika miji mikubwa tu, na kwamba sisi tunaotoka vijijini tuna kazi ya kuisoma na kuikariri. Cetingrad chakataa. Hati ya mwaka wa 1527 iliandikwa kijijini, na miraba iliyopigwa muhuri hapo leo yajulikana hata na mtoto wa Kenya asiyejua Kroatia iko bara gani. Isitoshe, hata tai mnazofunga kila asubuhi zina habari ya Wakroati, kwa maana neno la Kifaransa la tai, yaani cravate, limetokana na jina lao, kwa sababu ya vitambaa walivyofunga shingoni askari wa Kikroati waliotumikia Ufaransa katika karne ya 17.

Jambo la pili ninalowaza ni hili la nembo. Nembo haina ulimi. Sisi ndio tunaoitia maneno. Miraba ile ile ilisema "tuna masharti yetu" mwaka wa 1527, ikasema "mauaji" kwa watu fulani mwaka wa 1941, na ikasema "goli!" kwa dunia nzima mwaka wa 2018. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba alama yake imemtia jirani yake hofu, usimcheke jirani wala usimwambie ati hajasoma. Muulize ameona nini.

Tarehe 1 Januari 2027 ni miaka 500 kamili tangu mabwana wale wapige mihuri yao huko Cetin. Sisi wakati huo tutakuwa katika likizo. Ukimwona mtu amevaa ile jezi mtaani siku hiyo, mwambie shati lake limetoka kijiji gani.

Nawatakia masomo mema.